Neno Moja, Maana Mbili: Somo kwa Kamati za Sharika za Mwambao wa Ziwa Tanganyika



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo halimo katika bajeti wala katika mpango kazi, lakini linaweza kuviharibu vyote viwili. Jambo hilo ni maneno. Hatuzungumzii lugha za kigeni, bali maneno ya Kiswahili ya kila siku, kama vile bibi, mganga, kutosha, mbele na mboga. Kila mmoja wetu anaamini anayajua tangu utoto. Hata hivyo, watu wanaoishi pande mbalimbali za ziwa letu wanayatumia kwa maana tofauti, na mara nyingi wanaokutana katika kikao kimoja hawajui kwamba wametofautiana.

Lengo la somo hili ni kuisaidia kamati ya usharika itambue mambo matatu: kwa nini tofauti hizi zipo, ni maneno gani yanayoleta matatizo zaidi katika kazi zetu, na ni hatua gani za kuchukua ili kosa lisiingie katika muhtasari, katika orodha ya walengwa au katika kadi ya mgonjwa.

Neno geni na neno linalojulikana

Tuanze na samaki, maana kila mtu wa Kigoma anawajua. Samaki tunayemwita mgebuka, jirani zetu wa Burundi wanamwita mukeke. Dagaa wetu kwao ni indagala, na upande wa Zambia wanaitwa kapenta. Nchi nne zinalizunguka ziwa hili lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, na kila moja ina majina yake. Lakini ni nadra kusikia ugomvi sokoni kwa sababu ya majina hayo. Mnunuzi akisikia neno "mukeke" kwa mara ya kwanza atauliza, "Ndiyo nini?" Muuzaji atamwonyesha samaki, na mambo yamekwisha.

Hapo tunajifunza jambo la msingi. Neno geni halina hatari kubwa, kwa sababu linatulazimisha kuuliza. Hatari iko katika neno tunalolijua. Tukilisikia hatuulizi. Tunaandika, tunatia sahihi, tunatuma taarifa, na kosa linagundulika baada ya miezi kadhaa, wakati fedha zimekwisha kutumika au mtu amekwisha kuchafuliwa jina.

Kiswahili kilivyovuka ziwa

Baadhi ya washarika wanapomsikia mtu wa Kongo akizungumza husema kwamba "anakiharibu Kiswahili". Historia ya mahali petu inatufundisha vingine.

Katikati ya karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Pwani kupitia Tabora. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, na mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo. Kutoka Ujiji wafanyabiashara walivuka ziwa kwenda Manyema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Miongoni mwao alikuwamo Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Watu wa misafara hiyo walijiita waungwana, na Kiswahili walichokipeleka ng'ambo kikaja kuitwa Kingwana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo ilipitia mlangoni kwetu. Nao watu wa Manyema walikuja kuishi Ujiji, na wajukuu zao ni wenyeji wa mji huo hadi leo.

Baadaye mipaka ya wakoloni ililigawa ziwa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwa katika kamati hiyo. Upande wetu lugha iliendelezwa na shule, magazeti na redio, na baada ya uhuru likaja Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Upande wa pili Kiswahili kiliendelea kukua sokoni, migodini na makanisani, kikikaa pamoja na Kibembe, Kiluba, Kifaransa na lugha nyingine.

Kwa maneno mengine, ndugu wawili walitoka nyumba moja wakalelewa katika nyumba mbili. Mmoja hajaharibika kwa sababu hafanani na mwenzake katika kila jambo.

Watu wameendelea kuvuka. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita vya Kongo. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijaa katika kijiji kidogo cha Kagunga mpakani, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawa inawasafirisha kuwaleta Kigoma mjini. Mbali na wakimbizi, wapo wanawake walioolewa kutoka ng'ambo, wavuvi na wafanyabiashara wa mitumbwi. Hao wote wamo katika vikundi vyetu na wengine wanakaa katika viti vya mbele kanisani.

Kutosha: shilingi 80,000 zilizopotea katika daftari

Neno la kwanza ni "kutosha". Kwetu kutosha ni kufikia kiasi kinachohitajika: "Chakula kimetosha." Kwa Kiswahili cha Kongo, kutosha ni kutoa, kukitoa kitu nje ya kingine. Tukichunguza tutaona kwamba wanafuata kanuni ile ile ya sarufi tunayoifuata sisi. Kitu kikiwaka, mtu amekiwasha. Kikianguka, mtu amekiangusha. Kikikauka, mtu amekikausha. Basi kikitoka, mtu "amekitosha". Sisi mahali hapo tunatumia kutoa.

Katika kikundi kimoja cha akinamama cha kuweka na kukopa katika kijiji cha mwambao, neno hili lilikaribia kukivunja kikundi. Mhazini alikuwa mama aliyezaliwa ng'ambo na kuolewa huku. Siku moja alitoa taarifa yake kwa kifupi: "Tulilipa fundi wa pampu. Tulitosha elfu themanini mu sanduku." Katibu, binti aliyemaliza kidato cha nne, aliandika kwa Kiswahili safi: "Fundi wa pampu amelipwa. Sandukuni zimetosha shilingi 80,000." Muhtasari ukasomwa, ukathibitishwa, ukatiwa sahihi.

Mhazini alimaanisha kwamba fedha za fundi zilitolewa katika sanduku. Muhtasari ulisema kwamba fundi alilipwa, labda kwa michango ya siku ile, na sandukuni zimebaki 80,000. Miezi minane baadaye, siku ya kugawana, sanduku lilikuwa na upungufu wa kiasi hicho hicho. Mama yule alijitetea kwa maneno yale yale: "Mimi nilisema tulitosha!" Nao walimjibu, "Kama zilitosha, ziko wapi?" Kila alivyozidi kusema kweli ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Kwa wiki mbili hakuhudhuria ibada, na watoto wake walitaniwa kisimani kwamba ni watoto wa mwizi.

Aliyefungua fundo hilo alikuwa mzee mmoja wa Ujiji aliyefanya biashara ya mitumbwi ng'ambo miaka mingi. Hakubishana juu ya hesabu. Alimwambia, "Mama, katika kikapu chako mna kanga. Hebu itoshe." Mama akaingiza mkono, akaitoa kanga, akaiweka mezani. Kikao kizima kikanyamaza. Hapo ndipo katibu alipofungua daftari la ukurasa wa miezi minane iliyopita na kuusoma upya.

Katika kisa hiki hakukuwa na mwizi wala mzembe. Mhazini alitoa taarifa ya kweli, na katibu aliandika alichosikia. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja: "Fedha zimeingia au zimetoka?"

Bibi, bwana na yaya: nani yumo katika kaya?

Kwetu bibi ni mama wa baba au wa mama, na pia ni jina la heshima, kama tunaposema "Mabibi na Mabwana". Kwa Wakongo wengi, bibi ni mke. Hata Wakenya wengi husema "bibi yangu" wakimaanisha mke wangu, kwa hiyo si Wakongo peke yao.

Chukua mfano wa orodha ya kaya. Mwandikishaji anamuuliza mume, "Unaishi na nani?" Anajibu, "Na bibi yangu na watoto wawili." Mwandikishaji anaandika: mwanamume, bibi yake mzee, watoto wawili. Mke ametoweka katika karatasi. Ikiwa mradi unawalenga wajawazito na wanaonyonyesha, mama huyo hayumo. Ikiwa mradi unawalenga wazee, kaya imehesabiwa kuwa na mzee asiyekuwapo. Sasa geuza mfano huo. Kijana wa Kasulu anamwambia rafiki yake Mkongo, "Bibi yangu nimemwacha kijijini." Yeye amemsalimu nyanya yake akarudi mjini. Mwenzake anasikitika kwamba ndoa imevunjika.

Neno "bwana" nalo liangaliwe. Mama wa Kongo akisema "bwana yangu" anamtaja mume wake wa halali. Katika mazungumzo ya mitaani kwetu, kusema mwanamke "ana bwana" mara nyingi ni kusema ana hawara. Mzee wa kanisa anayesikia hivyo anaweza kuanza kutilia shaka ndoa iliyofungwa kanisani miaka 20 iliyopita.

Vivyo hivyo "yaya". Kwetu ni mtumishi anayelea mtoto. Katika sehemu nyingi za Kongo ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Dada mkubwa wa familia anaweza kuandikwa kama mfanyakazi wa ndani.

Mganga na kinini: katika zahanati

Tanzania yenyewe inalitumia neno "mganga" kwa maana mbili. Serikali ina Mganga Mkuu wa Mkoa na Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya, lakini katika usemi wa kila siku mtu akisema "amekwenda kwa mganga" wengi wetu tunafikiri habari za waganga wa kienyeji. Kwa Mkongo, munganga ni daktari wa hospitali. Wa kienyeji anaitwa mfumu.

Mama anafika kliniki na mtoto mwenye homa. Anaulizwa, "Kwa nini umechelewa?" Anajibu, "Nilienda kwanza kwa munganga." Muuguzi anakasirika na kuanza kumhubiria juu ya imani za kishirikina, kumbe mama alikwenda zahanati nyingine na ana karatasi ya daktari ndani ya kanga yake. Mama aliyeaibishwa mbele ya foleni huenda asirudi, na anayeumia kwa hilo ni mtoto.

Neno la hatari zaidi ni "kinini". Kwa Wakongo wengi na kwa Warundi, kinini ni kidonge chochote, hata cha kutuliza maumivu ya kichwa. Masikio ya Mtanzania yanasikia kwinini, dawa ya malaria inayohitaji uangalifu mkubwa. Mama akisema, "Nilimpa kinini jana usiku," haitoshi kuandika "kwinini" katika kadi. Mwambie aonyeshe pakiti, au aeleze rangi na ukubwa wa kidonge na alikipata wapi.

Kutumika, mbele na nyuma

Katika Kiswahili cha Kongo, kutumika ni kufanya kazi. Mzazi akisema, "Kijana wangu anatumika kwa mwenye mtumbwi," anajivunia kwamba mwanawe ana kazi. Msikilizaji wa huku anaweza kusikia kwamba kijana anatumiwa, yaani ananyonywa. Katika tathmini ya ajira za watoto hiyo ni tofauti kubwa. Sisi wenyewe hatuko mbali na maana yao, maana husema mtumishi wa Mungu na utumishi wa umma.

"Mbele" na "nyuma" yanahusu wakati. Kwetu siku za mbele ni zile zinazokuja. Kwa Mkongo, mbele ni kwanza au kabla, na nyuma ni baadaye. "Mbele ya kula" ni kabla ya kula, na "nyuma ya kula" ni baada ya kula. "Mtoto wa mbele" ni mzaliwa wa kwanza. Mtu akisimulia kwa sentensi nzima tunaweza kumwelewa. Tatizo ni maandishi yetu ya kifupi. Katika jedwali la mradi mstari unaosema "Mafunzo ya kilimo: mwaka wa mbele" utasomwa na mmoja kwamba mafunzo yatafanyika mwakani, na mwingine kwamba yalifanyika mwaka wa kwanza. Tuandike mwaka kwa tarakimu.

Jirani wa kaskazini

Waha na Warundi wanaelewana kwa urahisi kwa sababu lugha zao ni ndugu. Lakini Mrundi anayejifunza Kiswahili hubeba maana za nyumbani. Kwa Kirundi, ejo ni jana na pia ni kesho, na kitenzi ndicho kinachoonyesha ipi. Usishangae basi akichanganya jana na kesho anapoeleza mtoto alianza lini kuharisha. Umuti kwao ni dawa, wakati sisi tukisikia mti tunaona mwembe. Na guteka ni kupika. Fikiria basi ujumbe wa afya wakati wa kipindupindu: "Maji ya kuteka ziwani si salama." Mrundi anaweza kusikia kwamba yanayokatazwa ni maji ya kupikia. Ni salama zaidi kusema maji ya ziwani, maji yaliyochemshwa, na kuonyesha sufuria juu ya moto.

Mboga: sisi kwa sisi

Isidhaniwe kwamba matatizo haya yanaletwa na wageni tu. Neno "mboga" linatugawa Watanzania wenyewe. Zanzibar mboga ni mboga, na nyama au samaki ni kitoweo. Huku bara mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali, iwe mchicha, maharage, dagaa au nyama. Dodoso la lishe likiuliza, "Je, jana familia ilikula mboga?" karibu kila kaya ya mwambao itajibu ndiyo, kwa sababu ilikula dagaa. Taarifa itasema kwamba familia zinakula majani ya kutosha, na bustani za mboga zitaondolewa katika bajeti ya mwaka unaofuata. Swali sahihi litaje vitu kwa majina: mchicha, matembele, majani ya maboga, na kisamvu, ambacho ng'ambo wanakiita sombe.

Kwa nini hatuulizi?

Sababu ya kwanza tumeiona: neno likijulikana halizui swali. Sababu ya pili ni aibu. Mtu aliyechekwa mara moja kwa kusema "mu sanduku" badala ya "sandukuni" hataomba maelezo mara ya pili. Atatikisa kichwa na kunyamaza. Sababu ya tatu ni hofu. Katika mkoa wa mpakani namna mtu anavyosema inaweza kumfanya ashukiwe kwamba si raia, hata kama alizaliwa Ujiji. Anayeogopa kushukiwa huchagua kunyamaza.

Biblia inalijua jambo hili. Katika Waamuzi sura ya 12 Wagileadi walikaa kwenye vivuko vya Yordani na kumtaka kila avukaye atamke neno "Shibolethi". Waefraimu hawakuweza kulitamka sawasawa, na watu 42,000 wakauawa. Walikuwa taifa moja, tena wenye Mungu mmoja. Sisi tunaoishi kwenye vivuko vya ziwa tujiulize kama vikao vyetu vimekuwa mahali pa kumsikiliza mtu au pa kumpima kwa matamshi yake.

Hatua za kuchukua

1. Omba kitendo, usitafute tafsiri. Mzee wa Ujiji hakutoa maana ya neno, aliomba lionyeshwe. Katika fedha, dawa, mbegu na vipimo, mwambie mtu aonyeshe kwa mikono.

2. Usiulize "Mmeelewa?" Jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Uliza, "Ukifika nyumbani utawaambiaje?" kisha sikiliza.

3. Katika muhtasari wa fedha tumia maneno matatu tu: zimeingia, zimetoka, zimebaki. Kila neno liwe na kiasi kwa tarakimu. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya watu kuondoka, na mhazini aulizwe kila kiasi kwa maneno mengine, si yale aliyoyatumia mwanzo.

4. Andika uhusiano wa kifamilia kwa maelezo: mke wa mwenye kaya, mama wa baba, dada mkubwa. Usiandike neno peke yake.

5. Tarehe ziandikwe kwa siku, mwezi na mwaka. Wenye washirika ng'ambo wakumbuke pia kwamba saa za Uvira, Kalemie na Bujumbura ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

6. Kila usharika uwe na daftari la maneno. Ukurasa ugawanywe sehemu tatu: neno, maana ya huku, maana ya kule. Anayelitunza awe mtu anayejua pande zote mbili, na ikiwezekana mama aliyetoka ng'ambo. Aliyekuwa akichekwa atakuwa mwalimu.

7. Dodoso lolote lijaribiwe kwanza kwa kaya chache za asili tofauti kabla ya kutumika kijiji kizima.

Neno kwa wafadhili

Kwenu marafiki mnaotuunga mkono, tunawaomba jambo moja. Mnaposoma katika taarifa kwamba asilimia fulani ya kaya zilijibu ndiyo, tuulizeni swali lilisomekaje kwa Kiswahili na lilijaribiwa kwa nani. Na mnapopitisha bajeti, kubalini siku mbili za kujaribu maswali kabla ya utafiti kuanza. Gharama yake ni nauli na chai ya watu wachache. Kurudia utafiti wa kijiji kizima, au kurudisha heshima ya mama aliyeitwa mwizi, ni gharama kubwa kuliko hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni nani katika usharika wetu wamezaliwa au kukulia upande mwingine wa ziwa au mpaka? Je, wanazungumza katika vikao, au wanakaa kimya?

2. Chukueni muhtasari wa kikao kilichopita. Je, kuna sentensi ya fedha inayoweza kusomwa kwa maana mbili? Iandikeni upya.

3. Mtu akikosea neno kanisani kwetu, watu hufanya nini? Viongozi hufanya nini?

4. Someni Waamuzi 12:1-6. Vivuko vyetu ni vipi, na nani anasimama hapo?

5. Kila mjumbe ataje neno moja alilowahi kulisikia likitumika tofauti. Yaandikeni. Huo utakuwa ukurasa wa kwanza wa daftari lenu.

Tunaziomba kamati zituletee nakala ya ukurasa huo kabla ya mwisho wa robo hii kupitia ofisi za majimbo, ili tuziunganishe kuwa orodha moja itakayotumiwa na waandikishaji, wauguzi na makatibu wa vikundi. Msisubiri ukurasa ujae. Hata maneno matano yatatufaa.

Bwana awabariki katika kazi zenu.

Mratibu wa Miradi